Wa Chapwani wana majina

Kufika kisiwa cha Chapwani si kazi. Unapanda boti pwani ya Mji Mkongwe, na muda si mrefu unashuka maji yakiwa magotini. Makaburi yako ndani, chini ya miti.

Nilikwenda kwa ajili ya mabaharia wa Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari hiyo ya Waingereza ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kukimbia. Königsberg ya Wajerumani ikaitokea ghafla, ikaipiga kwa mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikufika. Zaidi ya mabaharia 30 walipoteza maisha.

Nilichuchumaa, nikapangusa majani makavu, nikasoma majina kimoyomoyo. Machozi yalinilengalenga. Vijana wa watu, wamefia mbali na mama zao! Wapo wanaosema makaburi ya wakoloni hayatuhusu. Mimi sikubaliani nao. Maiti hana cheo, na kaburi lake kutunzwa ni haki yake.

Lakini haki hiyo wengine hawakuipata. Baada ya shambulio, Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, ikazingirwa, na Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapelekwa vitani nchi kavu. Na ni nani walioikokota kwenye matope na pori? Wapagazi, babu zetu, kwa kamba na mabega. Waingereza nao waliwakusanya wapagazi wao kwa maelfu na maelfu, na maradhi na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Wengi walifukiwa kando ya njia, safari ikaendelea. Dar es Salaam kuna Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Tunanunua nyanya pale kila siku bila kuwakumbuka.

Nataka jiwe Rufiji, kando ya mto, na mizinga ile iliyobaki, ukiwemo ule wa Mombasa, iwekewe maelezo ya walioivuta. Kama majina ya watu yamepotea, yaandikwe ya vijiji walikochukuliwa. Wazee wapo, waulizwe sasa.

Tulipokuwa tukirudi, nahodha aliniuliza, "Una mtu wako umemzuru kule?"

Nikamwambia, "Hapana, kaka. Wangu wako bara, na sijui nianzie wapi kuwatafuta."