Dipoziti imerudi yote, na sasa silali

Alhamisi iliyopita nilitoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua, simu ikatoa mlio. Pauni 865 zimeingia benki. Nikafikiri mshahara umekosewa. Kumbe ni dipoziti ya ile nyumba niliyohama hapa Coventry, Uingereza, mwezi wa pili. Imerudi nzima. Haikukatwa ya rangi, haikukatwa ya kitasa, haikukatwa ya "tutaona".

Wewe uliyewahi kupanga Zimmerman au Pipeline kule Nairobi, najua umerudia kusoma hapo.

Na si kwamba mwenye nyumba alikuwa malaika. Alitaka kukata pauni 120, eti oveni ina mafuta na ukuta wa sebuleni una alama. Huku England, tangu Aprili 2007, landilodi akipokea dipoziti lazima aisajili kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, na siku hizi ana siku 30 za kufanya hivyo. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji hadi mara tatu ya hiyo dipoziti. Tangu 2019, kwa nyumba za watu wa kipato changu, hawezi hata kudai zaidi ya kodi ya wiki tano. Mkibishana, msuluhishi anamgeukia landilodi: picha za siku mpangaji alipoingia ziko wapi? Wangu hakuwa na hata moja. Kwisha.

Furaha yangu ilidumu kikombe kimoja cha chai. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia ni landilodi.

Nina ploti Kahawa West, Nairobi. Ghorofa tatu, bedsita 12 (chumba kimoja ndicho nyumba nzima), na chumba changu kimoja juu ninachofikia kila Desemba. Kila aliyeingia alitoa kodi ya mwezi, 8,000, dipoziti 8,000 nyingine, na 2,000 za maji. Hizo 10,000 mara wapangaji 12 ni shilingi 120,000. Mkiniuliza ziko wapi nitawaonyesha kwa kidole: ziko juu ya paa. Ni lile tangi la lita 10,000. Chenji yake ni geti.

Wenye ploti wenzangu hawatashangaa, maana ndivyo tunavyojenga sote. Benki? Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba ya benki ni kama 30,000 tu, na Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 13, ile ya kwako wewe ilikuwa juu zaidi ya hapo. Basi nikaenda sako, chama cha akiba na mikopo, kama kila mtu. Nilikuwa na akiba ya milioni moja, nikapewa mara tatu: milioni tatu, asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 60. Wadhamini wakawa mjomba na wenzangu wawili wa kazini wa zamani, ambao hadi leo wakinipigia simu moyo hupiga kwanza. Uwanja na mawe ya misingi vilikuwa vimeshameza miaka sita ya zamu za usiku.

Pesa iliisha ngazi hazina reli na hakuna tone la maji. Nikampigia fundi nikiwa karibu kulia. Akanijibu kama mtu anayekueleza namna ya kusonga ugali: "Mama, ingiza watu wa chini kwanza. Dipoziti zao zitamaliza ya juu."

Na zikamaliza. Mpangaji ndiye benki yetu ya mwisho. Hadai mdhamini, hatozi riba, na hajui kwamba ametukopesha.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Miaka yote nilidhani landilodi wa Nairobi hula dipoziti kwa sababu ana roho mbaya. Mwaka 2011 nilihama Githurai 44, dipoziti 4,500, nikarudishiwa 700 na maneno mengi kuhusu rangi. Nilimlaani yule mzee mpaka stejini. Sasa naona huenda hakuwa nazo. Zangu zilikuwa zimeshakuwa mlango wa mtu mwingine. Mpangaji anapohama, landilodi anasubiri dipoziti ya anayeingia ili amlipe anayetoka, na chumba kikikaa wazi wiki tatu, lazima itafutwe sababu. Sababu iliyo karibu ni rangi. Sijui rangi ya Nairobi hutengenezwa kwa dhahabu gani, maana galoni mbili humaliza mshahara wa mtu.

Mpangaji naye si mjinga. Mwezi wa mwisho halipi. "Kata kwa dipoziti," anakuambia, tena kwa ujumbe mfupi, na anaacha bili ya maji na balbu amezifungua. Wengine huhama saa nane usiku na godoro kichwani. Kila mmoja anamwibia mwenzake mapema kabla hajaibiwa.

Najua mnachosema sasa. "Huyo ameishi Uingereza miaka tisa ameanza kutufundisha adabu." Hapana. Sijasema Waingereza wana adabu. Nyumba yangu ya kwanza huku ilikuwa na ukungu mweusi ukutani hadi nguo zikanuka, na ajenti akaniambia niwe nafungua dirisha. Januari! Kodi hupanda kila nikizoea. Wala wenye nyumba wadogo wa huku hawachekelei. Riba ya Benki Kuu yao ilitoka asilimia 0.1 ikafika 5.25 kufikia Agosti 2023, na tangu Aprili 2020 mtu binafsi hawezi tena kuihesabu riba ya mkopo kama gharama kabla ya ushuru. Anapewa nafuu ya asilimia 20 tu. Mwenzangu wa wodini alikuwa na nyumba moja ya kupangisha, ameiuza. Mimi mwenyewe niliwahi kuuliza mkopo wa nyumba ya kupangisha hapa. Wakaniambia nianze na robo ya bei mkononi. Nikashukuru, nikafunga kompyuta, nikarudi kwenye hesabu za Kahawa West.

Kwa hivyo msiniambie najidai. Hilo jengo langu lina kuta zilizonyooka, limesimama bila hisani ya benki yoyote, na ile miezi 60 ikiisha hakuna atakayekuja kulipiga mnada. Dada wa kijijini anayeosha wazee usiku amejenga ghorofa tatu! Nikilitazama kwenye picha za WhatsApp bado huguswa. Lakini nikiikuza hiyo picha nione paa, naliona tangi, na chini ya tangi naona majina 12.

"Basi warudishie." Asante kwa ushauri. Tuhesabu pamoja. Vyumba vikijaa napata 96,000. KRA, watoza ushuru wa Kenya, asilimia 7.5 ya pesa yote iliyoingia, kabla ya tarehe 20, bila kujali umetengeneza nini: 7,200. (Hiyo ni kwa kuwa nina makao huko na hufika kila mwaka, kwa hivyo nahesabiwa mkazi. Wewe usiye na kwako Kenya wala hukanyagi, chako ni asilimia 30, usije ukaniiga halafu ukalia.) Keateka, yule anayelitunza jengo, 12,000. Taka, stima ya ngazi, na bauza, lori la maji, siku ambazo mfereji umekohoa: 5,000. Zinabaki 71,800. Sako inachukua 66,700. Hizo 5,100 zilizobaki ndizo utajiri ambao shangazi anautangaza kwenye kila harusi. Vyumba viwili vikiwa wazi, natuma 9,700 kutoka huku.

Hizo 120,000 nizitoe wapi? Kwenye zamu za Jumapili. Nimefungua akaunti nyingine, haina kadi, haina jina zuri, nimeiita "Si Zangu". Naweka 10,000 kila mwezi. Mwaka mmoja itakuwa imetimia, Mungu akipenda na mgongo ukikubali.

Kaka yangu amecheka sana. "Pesa ikae bure benki na wewe una deni la sako?" Kwa hesabu yuko sawa, sitabisha. Kila landilodi wa mtaa wetu ataniambia vivyo hivyo, kisha ataongeza lile la pili: "Wapangaji wa Nairobi huwajui wewe." Ninawajua. Nilikuwa mmoja wao miaka saba. Nilihama mara nne na sijawahi kubeba godoro usiku, na bado mara zote nne nilikatwa ya rangi.

Na msitaje sheria. Sheria yetu ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500. Nionyesheni bedsita ya 2,500 Nairobi, nihamie mimi.

Jumatatu keateka amenipigia. Binti wa namba 7 anahama mwisho wa mwezi, kapata kazi Thika.

"Mama, hiyo dipoziti yake niseme ni ya rangi, kama kawaida?"

"Mzee, tuna picha za siku alipoingia?"

"Picha za nini?"

"Za ukuta."

Akanyamaza. Nikasikia pikipiki ikipita, na mtu akifua nguo karibu naye.

"Mlipe zote," nikasema. "8,000 na zile 2,000 za maji, ukishasoma mita. Natuma leo jioni."

Hizo ni mwezi wa kwanza wote wa "Si Zangu", zimeondoka hata kabla akaunti haijazoea jina lake. Jana asubuhi simu tena.

"Mama, yule binti amewaambia wenzake. Namba 3 ameniuliza kama ni kweli."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni kweli. Sasa naye anasema atahama."