Wazee wa jazi wa Japani na mzigo wa ya kale

Kwetu ukitaja jazi, mtu mzima hukumbuka Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Japani jazi ni ile ya Charlie Parker, mpiga saksafoni wa Marekani, na wazee wake wamevutana nayo maisha yao yote: waihifadhi kama walivyoikuta, au waichanganye na ya kisasa?

Sadao Watanabe, mpiga saksafoni aliyezaliwa mwaka 1933, hakuona haya kuchanganya. Baada ya kuzuru Kenya alitoa albamu ya Mbali Africa mwaka 1974, jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Mwaka 1978 akaja na California Shower, akiwa na Wamarekani Dave Grusin na Lee Ritenour: kinanda cha umeme, mdundo laini, sauti iliyosuguliwa studio hadi ikang'aa. Mshika-bebop, yaani mtetezi wa jazi ya kasi ya kina Parker, atasema hapo mzee aliuza shamba. Ana haki kiasi, maana muziki huo unapita sikioni bila kukwama popote. Ila sikiliza saksafoni peke yake. Parker bado yumo.

Toshiko Akiyoshi, mpiga piano na kiongozi wa bendi aliyezaliwa Manchuria mwaka 1929, alikwenda mbali zaidi. Katika albamu ya Kogun, ya mwaka 1974, bendi kubwa ya Kimarekani inakutana na tsuzumi, ngoma ya jadi ya Kijapani, na miito ya Noh, tamthilia za kale za huko. Kisa chenyewe ni cha askari wa Kijapani aliyejificha porini Ufilipino karibu miaka 30, akiamini vita havijaisha. Wapo watakaoona tsuzumi hiyo ni urembo wa kumfurahisha mgeni, na hofu hiyo naielewa. Ala za jadi hutumiwa hivyo kila kona ya dunia. Hapa sikubaliani nao. Ngoma inakataa kuingia kwenye swingi, mdundo wa jazi, ya bendi, nayo bendi haiisubiri, kama askari yule na dunia iliyomwacha. Ukiiondoa tsuzumi, kisa kinakufa.

Kisha yupo Ryo Fukui wa Sapporo, aliyejifunza piano akiwa na miaka 22. Scenery yake ya mwaka 1976 ilifufuka YouTube, ikapata wasikilizaji ambao hata hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Wao wanaitamani Japani wasiyoiona. Fukui hakuwa na cha kutamani: hadi karibu na kifo chake mwaka 2016, bebop hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiipiga kwenye klabu yake, Slowboat.