Mistari minne ya Jean Lacouture

Wiki iliyopita nilimwomba mhariri mmoja nafasi ya mistari minne tu ya masahihisho. Katika makala yangu nilikuwa nimempachika mzee mmoja maneno yaliyosemwa na mwenzake, na sasa wachuuzi wa sokoni kwao hawaitikii salamu yake. Alinipigia simu mwenyewe, kwa upole ulionichoma kuliko matusi. Mhariri akanijibu kwamba gazeti likianza kukiri makosa wasomaji hawataliamini tena, niache tu, watasahau. Nina hasira hadi leo. Ndani ya hasira hiyo nimemrudia Jean Lacouture, mwandishi wa habari na wa wasifu kutoka Ufaransa.

Wengi wanamjua kwa juzuu zake tatu za maisha ya de Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa, zilizotoka kati ya 1984 na 1986. Alikuwa mtoto wa Bordeaux, kazaliwa 1921, kasomeshwa na mapadre Wajesuiti. Mwaka 1945 alifika Indochina, koloni la Ufaransa lililojumuisha Vietnam na Kambodia, akiwa mtu wa habari katika jeshi la Jenerali Leclerc wa Ufaransa, na huko, bado kijana wa miaka 24, akakutana na Ho Chi Minh, kiongozi wa wapigania uhuru wa Vietnam. Alikwenda upande wa mkoloni, akarudi anawasikiliza waliotawaliwa. Baadaye akaandikia magazeti ya Paris: Combat, kisha Le Monde kwa miaka mingi, na katikati yake akakaa Kairo enzi za Nasser kama mwandishi wa gazeti la France-Soir. Kitabu chao cha Misri alikiandika pamoja na mkewe, Simonne. Alipenda pia raga na opera, na aliziandikia kwa moyo uleule aliouandikia mapinduzi.

Lakini kazi yake ninayoishika mkononi mara kwa mara ni wasifu wa mwandishi wa riwaya André Malraux, wa 1973. Malraux alikuwa hai bado, tena mtu mkubwa, aliyekuwa waziri wa de Gaulle, na aliyeacha watu waamini kwamba alikuwamo katika mapinduzi ya Canton, kule China, mwaka 1925. Lacouture alimpenda mtu huyu. Hilo linaonekana kila ukurasa. Na bado akaipekua ile hadithi ya China mpaka ikabaki uchi. Akaeleza pia jinsi kijana Malraux alivyokwenda Kambodia mwaka 1923, akabandua sanamu za mawe kwenye hekalu la Banteay Srei ili akaziuze, akaishia mahakamani Phnom Penh. Mapenzi hayakumfunga mdomo. Alifanya hivyo tena mwaka 1980 kwa mwandishi wa riwaya Mauriac, mzaliwa mwenzake wa Bordeaux.

Ndiyo maana Kambodia inaniuma. Mtu aliyejua kumpenda mwandishi na papo hapo kumkagua, alipofika kwa wanamapinduzi hakukagua. Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti wa Kambodia, walipouteka mji mkuu Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 na kuwafukuza wakazi wote mjini, wagonjwa wakisukumwa barabarani na vitanda vyao vya hospitali, Lacouture alikuwa miongoni mwa waliowakaribisha washindi kwa maneno mema. Alikuwa amewajua kidogo baadhi ya viongozi wao. Utawala wao ulipoanguka Januari 1979, Wakambodia zaidi ya milioni 1.5 walikuwa wamekufa.

Alianza kubadilika mapema mwaka 1977, baada ya kusoma kitabu cha padre François Ponchaud kilichojengwa juu ya ushuhuda wa wakimbizi. Akakiandikia uhakiki wa kukiunga mkono, mkali dhidi ya Khmer Rouge. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata hapo aliteleza: alinukuu vibaya, msomi wa Marekani Noam Chomsky akamwonyesha makosa, naye akachapisha masahihisho. Alichapisha! Katika jarida lilelile, chini ya jina lake, huku akishikilia kwamba mauaji yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1978 akatoa kitabu kizima cha kuwalilia Wakambodia, na mwaka huohuo akakiri hadharani kwamba alikosea kwa kutojua na kwa kuamini upesi. Kuhusu Vietnam alisema zito zaidi: kwamba kuna kasoro za utawala wa Vietnam Kaskazini alizozificha kwa sababu aliona vita vyao dhidi ya Marekani ni vya haki.

Alichelewa, najua. Kuna watu hawatamsamehe, na walionusurika kule sina haki ya kuwasemea. Lakini nauliza: wasomaji walimkimbia? Wasifu wa de Gaulle ulikuja baada ya ungamo hilo. Wasifu wa Champollion, msomi aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, ulikuja baada yake, wa mwanafalsafa Montaigne ukafuata, wa Rais Mitterrand ukafuata, na watu wakanunua na kusoma mpaka alipofariki mwaka 2015. Mimi mwenyewe naamini kurasa zake za Malraux kwa sababu ya ungamo la Kambodia. Anaponiambia jambo fulani hakulithibitisha, najua huyu ni mtu anayeweza kulisema hilo likimgharimu jina.

Basi mistari yangu naiweka hapa, kwa kuwa kule imekataliwa. Katika makala yangu ya mwezi uliopita kuhusu kiwanja cha soko, niliandika kwamba mzee wa kwanza kuhojiwa alitaka wachuuzi wahamishwe. Hakusema hivyo. Alisema waachwe palepale walipo, kwa kuwa ndio waliokisafisha kiwanja. Nilichanganya maandishi yangu ya daftarini, na kosa ni langu peke yangu. Mzee wangu, niwie radhi. Jumamosi nitakuja sokoni niwaambie wenyewe.