Mwacheni mtoto aandike chai iliyoshika utando

Jumapili jioni binti wa kakangu alikuja kwangu na daftari la insha, yuko gredi ya nane, akaniambia shangazi hebu nisomee uone nilikosea wapi. Kichwa ni kile kile tulichoandika sisi enzi zetu, "Siku nisiyoisahau". Aya ya kwanza majogoo wanawika, jua linatoa miale yake mashariki, ndege wanatumbuiza kwa nyimbo nyororo, na mwalimu kapiga tiki mbili za wino mwekundu.

Halafu nikafika katikati. Hiyo siku asiyoisahau ni siku babake alipopigiwa simu akaambiwa kazini asirudi tena. Mtoto kaandika hivi: Baba alizima simu akakaa anaangalia ukuta. Chai yake ikashika utando.

Basi, hivyo tu. Na hapo ndipo kalamu nyekundu imepita juu ya maneno mara mbili, pembeni imeandikwa "Mapambo yako wapi?" Mistari miwili chini, pale alipoandika kwamba machozi yalimtiririka njia mbili mbili, tiki.

Nimekaa na hii kitu wiki nzima na bado inaniuma. Yule ni kakangu. Namjua tangu tuko tunagombania kijiko kimoja, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia vile alivyoipokea ile simu, yeye mwenyewe aliniambia tu "tutapambana". Nimekuja kumwona kakangu siku ile kupitia sentensi ya mtoto wa miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo sentensi aliyoambiwa aifute.

Sisi tuliopitia 8-4-4, ule mtaala wa zamani wa Kenya, tunajua haya yanatoka wapi. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilikuwa dakika 40 kwa alama 40, na tuliingia chumba cha mtihani tumebeba sentensi za kukariri kama mtu anavyobeba mfuko wa shopping. Niliamka alfajiri na mapema. Nilipiga moyo konde. Nilipigwa na butwaa. Alikuwa mrembo kama hurulaini, na mimi nilikuwa sijawahi kuuliza hurulaini ni nani. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023, mtaala umebadilika, vitabu vimebadilika, lakini wale majogoo bado wako darasani wanawika.

Shida ya sentensi ya kukariri si kwamba ni mbaya. Aliyesema machozi njia mbili mbili mara ya kwanza alikuwa ameangalia uso wa mtu analia, akaona ile njia ya shavu hili na ile ya shavu lile. Aliangalia. Sisi tuliomfuata hatuangalii tena, neno linafika kabla ya kitu chenyewe, unataka kuandika mamako analia na kabla hujamkumbuka mamako, mkono ushaandika njia mbili mbili, na mamako halisi, ambaye pengine alikuwa analia huku anaendelea kuchambua mchele, hakuingia kwenye karatasi.

Haya niliyajua kwa uchungu nyanya alipofariki. Familia ilikaa ikasema wewe ndiye unayeandika, tuandikie wasifu wa marehemu usomwe kanisani. Nikakaa mezani usiku na kalamu, nikaandika haraka kabisa. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mwenye bidii za mchwa, mlezi mwema aliyependwa na wakubwa kwa wadogo. Ukurasa mzima. Nikausoma mara ya pili nikahisi baridi, manake ningeweza kutoa jina la nyanya nikaweka la marehemu yeyote wa Chaani, huko Mombasa, na hakuna mtu angeshtuka. Huyu mama alinilea. Nimelala mgongoni kwake. Na siku niliyotakiwa kumwandika nimemwandika mtu mwengine.

Nikachana. Nikajiuliza swali moja tu, nyanya saa kumi za usiku alikuwa anafanya nini? Na hapo akaja mwenyewe. Alikuwa ashaamka, leso imefungwa kiunoni, amekalia mbuzi anakuna nazi ya mbaazi, na sisi tuko kitandani tunasikia ile sauti ya meno ya mbuzi kwenye kifuu. Halafu mafuta. Alikuwa anakata kipande cha unga kidogo kama kucha anakitupa kwenye karai, kikikaa chini anangoja, kikipanda na povu basi anatia mahamri ya kwanza, manne manne, hakuzidisha. Na madeni. Nyanya hakujua kusoma, wateja wake wa mkopo aliwaweka nyuma ya mlango wa jikoni kwa mistari ya makaa, kila mtu na mahali pake, hamri moja mstari mmoja, na sijawahi kusikia mtu akibishana na ule mlango. Ukilipa anaufuta mstari wako kwa kidole gumba. Kwa hivyo kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cheusi, siku zote, hata Krismasi, hata amevaa gauni la kanisani.

Kile kidole nimekiona maisha yangu yote na hakikuwemo kwenye ukurasa wa kwanza.

Siku ya mazishi nilisoma, na nilipofika kwenye kidole kuna mzee nyuma huko alisema "eeeh" kwa sauti, kama mtu aliyeitwa. Baada ya ibada mama mmoja jirani akanishika mkono akaniambia mwanangu, mistari yangu mitatu bado iko pale mlangoni, mtu asiifute mpaka nije nilipe. Alikuja Jumatano.

Kwa hivyo mtu akiniuliza mtu anajifunzaje kuandika vizuri namwambia ni hivyo, kuangalia mpaka kile kitu kije chenyewe, na kukataa sentensi ya kwanza inayojileta, manake mara nyingi hiyo ya kwanza si yako. Mengine yapo na yanasaidia. Soma sana. Isome kazi yako kwa sauti, ulimi utakwama pale pabaya. Ilaze usiku mmoja kabla hujamtumia mtu. Kata. Lakini unaweza kufanya yote hayo na bado ukawa unakata na kulaza maneno ya watu wengine.

Najua nitaambiwa Kiswahili ni lugha ya mapambo, ukiondoa methali na tamathali umebakisha nini. Sawa, nakubali, kiasi. Methali ni mali yetu na mimi mwenyewe siwezi kuzungumza nusu saa bila kutoa moja. Lakini angalieni wanaozijua wanavyozitumia. Nyanya alikuwa nazo tele na hakuwahi kutoa tatu kwa mpigo. Alikuwa anamsikiliza mteja mpaka amalize hadithi yake yote ya mwisho wa mwezi, anageuza mahamri, halafu anasema "dawa ya deni kulipa", na hapo mtu anaingiza mkono mfukoni. Moja, mahali pake.

Na msiniambie kuandika kwa ukavu ni mambo ya kizungu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mshairi mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utendi wa wosia, na anavyoanza ni kumwita mtoto asogee. Anamwambia maradhi yamenishika mwaka mzima sijapata nafasi ya kukwambia neno, njoo mbele ukae, uje na wino na karatasi, kuna jambo moyoni nataka nikwambie. Mwanamke mgonjwa, mtoto karibu, karatasi. Hajatuletea jua wala ndege, na mistari yake ina mizani na vina vyote unavyotaka, na ukisoma unasikia kabisa kwamba muda wake umebaki mchache. Huyo ni wa pwani yetu, si wa kuazima popote.

Mwalimu wa yule mtoto simjui na sitaki kumlaumu sana. Mtu ana madaftari sitini mezani, anasahihisha usiku kwa macho yaliyochoka, na yeye pia alifundishwa hivyo hivyo, alipata alama zake kwa majogoo hao hao. Mapambo ni rahisi kuhesabu, unayaona unapiga tiki. Chai iliyoshika utando inataka usimame kidogo, na nafasi ya kusimama hana. Hilo nalielewa. Lakini mwalimu, kama unanisoma, nakuomba kwa heshima yote, usipopata muda wa kusimama basi pita tu, usikate. Mtoto akikatwa mara tatu haandiki tena alichokiona, atakuandikia unachotaka, na miaka ishirini baadaye atakaa mezani usiku na nyanya yake aliyefariki na hatakuwa na neno hata moja la kwake.

Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akasema andika shangazi lakini usitaje jina. Jumapili ile tulikaa na lile daftari mpaka saa tatu. Sikumsahihishia chochote. Nilimuuliza tu maswali. Mama alikuwa wapi? Jikoni, redio imewaka, hakuna mtu aliyeizima. Na baba alikaa kwa muda gani? Mpaka habari zikaisha. Na ile chai, nikamuuliza, ikawaje?

Akafikiria. Alikuwa anaitafuna kofia ya kalamu.

"Aliinywa," akasema. "Hakuutoa ule utando. Aliinywa tu nao, yote, halafu akaniuliza kama nimemaliza homework."

Nikamwambia haya, iandike.