Kibarua Asiye na Kibarua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati mwadhini wa Ngamiani, hapa Tanga, ameshamaliza na giza halijaondoka kabisa, baiskeli zinatoka Mabawa, Duga na Mikanjuni kuelekea kwenye mageti ya viwanda na maghala. Mbele ya geti hakuna foleni. Kuna nusu duara la watu wanaojitahidi kuonekana bila kuonekana wanajitahidi. Supavaiza, ambaye wazee bado humwita mnyapara, anatoka na karatasi na kalamu, anaangalia mabega zaidi ya nyuso, kisha ananyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye fulana nyekundu. Waliotajwa huingia. Waliobaki husubiri hadi saa mbili, kwa tumaini kwamba kuna aliyeumwa au aliyegombana na bosi, halafu hugeuza baiskeli. Mji wetu una msemo wake wa kumkaribisha mgeni kwa utani, kwamba waja leo waondoka leo. Sikuwahi kufikiri kwamba msemo huo ungegeuka kuwa mkataba wa ajira.

Mjadala kuhusu vibarua wa makampuni makubwa huanza na kumalizikia kwenye kiwango cha malipo: upande mmoja unasema ni kidogo mno, upande wa pili unasema ndicho kinachowezekana. Nadhani fundo la jambo haliko hapo, na hesabu ya mtu mmoja ninayemfahamu itaonyesha kwa nini. Mpwa wangu anaingia mwaka wa nne akibeba mifuko na kufagia ghala katika kampuni moja kubwa ya hapa Tanga, na kwa kutwa hulipwa shilingi 10,000. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi katika biashara na viwanda, na shilingi 140,000 katika kilimo. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, unapata takriban shilingi 5,800 kwa siku viwandani na 5,400 mashambani. Oktoba 2025 ilitangazwa amri mpya ya kuanza Januari 2026, ikielezwa kwamba wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi umepanda kwa asilimia 33.4, lakini ongezeko la kadiri hiyo, ukiliweka juu ya ile 5,800, bado halifiki 10,000. Kwa hiyo meneja akisema kampuni yake inalipa zaidi ya kima cha chini, hasemi uongo.

Mwezi uliopita, hata hivyo, mpwa wangu alichaguliwa siku 12 tu. Hizo ni shilingi 120,000, pungufu ya kile kima cha zamani, na humo ndani mna chai na mihogo ya asubuhi, wali maharage wa mama lishe mchana, na tairi la baiskeli. Zile siku 18 nyingine hakuwa likizo. Katika siku kadhaa kati ya hizo aliamka, akaenda getini, akasubiri, akarudi; gharama ya kusubiri huko haimo katika hesabu za kampuni wala za serikali. Kiwango cha siku kilipigiwa hesabu kana kwamba kibarua anazo siku 26, ilhali anayeamua anazo ngapi ni kidole cha mnyapara.

Wakubwa wetu walilijua jambo hili kwa namna nyingine. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu wa kutwa ili jioni aionyeshe na kupokea ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu. Katika mashamba ya mkonge, ambayo ndiyo yaliyoujenga mkoa huu, wakaja manamba, walioletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka kwa mawakala wa kuandikisha watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kazi hiyo, iliyojulikana kama SILABU. Manamba alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi ambazo alitakiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42, na hakulipwa mpaka kadi ijae. Kipande kilichukiwa, na kilistahili kuchukiwa, kwa kuwa kilimfunga mtu shambani. Lakini kilikuwa na sifa moja ambayo sikutarajia kuja kuisifia: kilihesabu siku, na kilikaa mfukoni mwa mfanyakazi. Kibarua wa leo huingia kwa kuandikwa kwenye karatasi ya mtu mwingine na kutoka mikono mitupu. Amebaki na jina la karatasi, karatasi yenyewe hana.

Upande wa makampuni unastahili kusikilizwa kwa makini kuliko tunavyousikiliza, maana si kila anayeajiri kwa kutwa ni mnyonyaji. Kazi za Tanga zina mawimbi. Masika yakikolea, ujenzi hupungua na saruji haitoki kama wakati wa kiangazi. Machungwa ya Muheza yana msimu wake, na aliyeajiri wapakiaji 100 katika msimu hana chungwa la kuwapakiza ukiisha. Mwenye kampuni akimwingiza mtu kwenye ajira ya kudumu, analazimika kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako michango ya pande mbili kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, kumpa likizo ya malipo, na siku akitaka kumwachisha awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Akikosea utaratibu, anajikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mshindani wake anayechukua watu wote getini hana mzigo huo, na bei sokoni ni ileile. Wapo waajiri waliojaribu kuwa waungwana wakaona zabuni zikienda kwa wengine.

Bandari yetu inaonyesha ugumu huu vizuri zaidi. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika gatini. Zilitia nanga zaidi ya kilomita moja nje, mzigo ukashushwa kwenye matishali, yaani mashua bapa za kubebea mzigo, kisha ukashushwa tena ufukweni. Kila mfuko ulishikwa mara mbili, na kila mara kulikuwa na gengi la watu waliolipwa. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 uliongeza kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujenga gati mbili zenye urefu wa mita 450, na sasa meli inafunga kamba ukutani. Meli zimeongezeka, na mji umefurahi, mimi pamoja nao. Lakini meli moja haihitaji tena siku zilezile za watu, kwa kuwa kushusha mara mbili kumekwisha. Ungewalazimisha waendeshaji wa bandari mwaka 2018 kuwaajiri moja kwa moja watu wote wa matishali, leo wangekuwa na watu wasio na tishali la kushushia. Hoja hii haiwezi kupuuzwa na mtu anayependa mji huu ukue.

Wapo pia vibarua wasiotaka kuajiriwa, na hawa huwa tunawasahau tunapowasemea. Mtu wa Sahare mwenye mtumbwi hataki kufungwa siku sita kwa wiki. Anataka aende baharini bamvua likiwa zuri na aende getini likiwa baya. Mwingine anadaiwa kodi ya chumba kesho, hivyo 10,000 ya jioni ina maana kwake kuliko mshahara wa tarehe 30. Deiwaka, yaani kazi ya kutwa, kwa watu hawa ni uhuru wa kweli, ingawa ni uhuru wa mtu mwenye pa kwenda. Asiye na mtumbwi wala shamba hauoni.

Hata hivyo, nikizipima hoja za waajiri, naona zinatetea kitu kimoja na kutumika kufunika kingine. Msimu unatetea kibarua wa msimu. Haumtetei mfagiaji. Ghala linalofagiwa kila siku kwa miaka saba halina kazi ya muda ya kufagia. Lina kazi ya kudumu inayofanywa na watu wanaobadilishwa, au mbaya zaidi, na mtu yuleyule anayeajiriwa upya kila asubuhi. Mpwa wangu hakupungukiwa siku mwezi uliopita kwa sababu ghala lilikuwa safi. Siku zake walipewa wengine, ili pasiwepo mtu mwenye siku nyingi mfululizo.

Kwa nini mfululizo uogopwe? Jibu limo katika sheria, ambayo watu wengi hudhani haimjui kibarua kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita ya ajira. Likizo ya malipo nayo inataka miezi sita, lakini sheria hiyohiyo inaongeza kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, na vipindi vyake vikijumlishwa vikapita miezi sita, anastahili likizo hiyo. Na wa msimu pia anatajwa. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Na mgogoro ukifika mbele ya sheria, mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inakwenda mbali zaidi katika kifungu cha 61: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa, miongoni mwa vigezo kadhaa, amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, bila kujali mkataba umempa jina gani. Saa 45 ni siku tano za saa tisa. Mpwa wangu, na siku zake 12 za mwezi mbaya, amezipita zaidi ya mara mbili.

Basi sheria ipo, na kwa maoni yangu si mbaya. Inachokosa ni ushahidi. Vigezo vyote hivi ni vya hesabu: miezi mingapi, siku ngapi, saa ngapi. Na hesabu iko kwenye karatasi ya mnyapara, ambayo jioni hukunjwa na kutiwa mfukoni. Baadhi ya kampuni huongeza pazia jingine, wakala, ambaye humchukua mtu na kumpeleka kwenye kazi, hivi kwamba kampuni ikiulizwa hujibu kuwa huyo si wetu, na wakala akiulizwa hujibu kuwa yeye ni msafirishaji tu. Kanuni za 2014 kuhusu mawakala wa ajira ziliwazuia kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Pazia lilibadilishwa rangi, ukuta ukabaki.

Aliyeumia ndiye anayelipia pazia hilo haraka zaidi. Fidia kwa wafanyakazi hulipiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na mfuko wake upo kwa ajili ya ajali kama kuangukiwa na mifuko. Ila lazima kwanza ijulikane kwamba siku ya ajali mtu huyo alikuwa kazini, na kwa nani.

Suluhisho linalopendekezwa mara nyingi ni kuwaajiri wote. Jirani zetu wa Mombasa wanatufundisha tuwe waangalifu. Baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, na baada ya miaka ya mabishano, bandari ile katika miaka ya 1950 iliwaandikisha watu wa gatini na kuwapa siku za uhakika. Waliobaki kwenye rejista walipata maisha ya kueleweka na chama chenye nguvu. Lakini wale waliozoea kufanya kazi siku chache kwa mwezi na kurudi kwenye mashamba na mitumbwi yao, wengi wao watu wa pwani, walifutwa kwenye orodha. Kazi ilitengenezwa, na mlango ukawa mwembamba. Tanga ikifuata njia hiyo bila kufikiri, yule mtu wa Sahare ndiye atakayekuwa wa kwanza kubaki nje.

Ndiyo maana ninaona hatua ya kwanza iwe ndogo kuliko ajira ya kudumu na kubwa kuliko nyongeza ya shilingi 1,000. Kila kibarua anayeingia getini atoke na karatasi, au ujumbe kwenye simu, unaotaja kampuni, tarehe, saa na malipo. Wengi wanalipwa kwa simu tayari. Kuongeza jina la mwajiri na tarehe si gharama ya kumfilisi mtu. Mwenye kampuni anayetumia vibarua kwa msimu wa kweli hana cha kuogopa, kwa kuwa hesabu itamtetea, na yule mshindani wake anayejificha nyuma ya karatasi ya mnyapara ndiye atakayelazimika kupandisha bei zake. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo havivutiwi na kibarua kwa kuwa ada yake haitabiriki, vingekuwa na kitu cha kushika mkononi vinapokwenda mezani.

Nilimweleza mpwa wangu haya nikidhani namfundisha. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la kurasa 40 lililojaa mistari midogo, kila mstari siku, na pembeni herufi ya kwanza ya jina la mnyapara. "Mjomba, mimi nahesabu," akasema. Tulijumlisha pamoja barazani: mwaka uliopita siku 211. Nikamuuliza kama ofisini kuna mtu aliyewahi kutia sahihi hata ukurasa mmoja. Alicheka, akalifunga daftari, maana ilikuwa saa tatu usiku na kesho alitakiwa awe getini saa kumi na moja na nusu.