Nairobi–Mombasa dakika 30? Kwa ndege ipi?

Hivi vikokotoo vya umbali wa ndege vinaudhi. Unaandika Nairobi na Mombasa, kinakuletea kilomita 420 na ushee, kisha kinatangaza: dakika 30! Kimegawanya tu kwa 850, yaani mwendo wa jeti angani wa kilomita kwa saa, kana kwamba ndege inaamkia angani.

Muda unaoandikwa kwenye tiketi, takriban saa moja, huhesabiwa tangu ndege iachie maegesho JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mpaka isimame Mombasa. Humo mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, na kupanda taratibu. Chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauzidi kilomita 463 kwa saa. Kushuka nako: kila futi 1,000 hula kama kilomita 5.5, kwa hiyo kutoka futi 30,000 zinakwenda kilomita 165 hivi. Hiyo 850 itapatikana wapi, na kwa dakika ngapi?

Dar–Zanzibar ndiyo kichekesho: dakika 5. Wengi hupanda Caravan, ndege ndogo ya panga boi, isiyozidi sana kilomita 300 kwa saa. Weka dakika 20.

Kwa jeti, gawanya kilomita kwa 800 upate saa, halafu ongeza dakika 30. Ya safari ndefu hubadilika kwa upepo, lakini hutaaibika.

Na wewe unayetoa saa ya kuondoka Nairobi kwenye saa ya kufika Dubai ili upate muda wa safari, toa saa moja zaidi. Dubai wako mbele yetu!