Ughaibuni, dhiki lazima uiseme mwenyewe

Nyumbani dhiki haitangazwi. Jirani ataona taa inawaka usiku kucha, mwanajumuiya mmoja atapata fununu, na kabla hujajua la kufanya sebule imejaa watu wanaokuombea. Kazi yako ni kukaa na kuitikia amina, na hata amina ikikushinda wapo wa kuisema. Huku ughaibuni mtu hupigiwa simu ya msiba saa nane za usiku, na saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini, bila yeyote katika jengo zima kujua. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, maombi yetu yanapokwama: tuko peke yetu, lakini tunasali kana kwamba sebule imejaa.

Chukua mkesha. Kule unabebwa na wengi. Mmoja anaongoza, mwingine anaanzisha pambio, aliyechoka anasinzia na ibada inaendelea. Ufanye mwenyewe chumbani baada ya zamu ya usiku, na mapema tu maneno yanakauka. Utarudia sentensi moja kwa sauti ya ukali zaidi, kisha utajilaumu kuwa huna imani. Kosa liko kwenye aina ya sala uliyochagua.

Aliye peke yake anahitaji sala fupi ambayo maneno yake yapo tayari. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na “hata lini” inarudi mara 4; wa 3 na wa 4 ni ombi; miwili ya mwisho ni tumaini. Isome kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili hata kama kanisa lako la huku linasali kwa lugha nyingine, maana moyo ukielemewa lugha ya kujifunzia ukubwani hukimbia kwanza. Baada ya mstari wa 2 simama, taja jambo lako kwa jina lake: kibali kilichokataliwa, majibu ya hospitali, mtoto asiyepokea simu. Baada ya wa 4 omba kitu kimoja, cha leo. Miwili ya mwisho isome ilivyo, hata kama moyo hauiamini bado. Ni maneno ya kuazima. Haifiki dakika 10. Asubuhi na jioni, wiki nzima, zaburi ileile. Yesu mwenyewe kule Gethsemane alisali mara 3 kwa maneno yaleyale. Na tumaini lile likikukera kabisa, ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila kulazimisha furaha.

Kuta ni nyembamba na unaogopa majirani? Katika Biblia Hana, mama wa Samweli, alisali midomo ikicheza tu, sauti isisikike, hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Sala yake haikupungua kitu.

Kufunga nako kuna mipaka. Nabii Eliya alipoomba afe, kwanza aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye. Aliye kwenye dawa asifunge kabla ya kumuuliza daktari. Na mawazo ya kujiua yakija, piga namba ya dharura kwanza. Sala itaendelea ukiwa unasubiri.

Kuombewa kwa simu kunafaa sana, ila tunaharibu jambo hilo wenyewe. Ombi likitupwa kwenye kundi la watu 200, unarudishiwa vikono vya maombi na, kufikia jioni, umbea. Chagua mtu mmoja, au wawili. Mwandikie mambo matatu: kilichotokea, mnachoomba, na kisichopaswa kusemwa kwa mwingine. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Wekeni saa ambayo wote mko macho, dakika 20 zinatosha. Zimeni kamera, la sivyo utashinda ukijitazama uso pembeni mwa kioo. Sauti huchelewa kidogo njiani, hivyo mkiomba kwa pamoja mtagongana. Mmoja amalize, kimya kidogo, ndipo mwingine aanze. Akijitokeza “mtumishi” anayedai mbegu ya pesa ili aombe, kata simu. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye.

Nisiipambe sana nyumbani. Kule mara nyingi unaambiwa “usilie, mshukuru Mungu” maiti haijazikwa, na kimya hakivumiliwi hata dakika mbili. Huku hakuna anayekuharakisha kwenye shukrani, na kwa hilo ughaibuni umetuzidishia.

Lakini usingoje kanisa la huku likubahatishe. Wengi wao wanaona kuja bila kuitwa ni kukuvunjia faragha, wala hawakosi upendo. Yakobo 5:14 inamwambia mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Kuita ni juu yake. Kwa hiyo baada ya ibada mfuate kiongozi, useme: “Nina shida, naomba uje tusali kwangu Jumanne saa 12 jioni.” Akijibu “tutakuombea”, mshukuru, kisha urudie siku na saa mpaka aiandike.